Shajara ya bustani ya Shangazi: pongo, nungunungu na kima wa Oloolua

Januari 11

Nimeanza kuandika shajara hii kwa sababu hasara ile ile husimuliwa mezani kila Jumapili bila mtu yeyote kukumbuka ilianza lini wala ilikuwa ya kiasi gani. Bustani iko Karen, jijini Nairobi, nyuma ya nyumba ya Shangazi, mita 20 kwa mita 15, na kati yake na msitu wa Oloolua hakuna kitu ila ua mkongwe wa kayaba, mti wa miiba, uliojaa mapengo, njia ya miguu, na mteremko unaoishia Mto Mbagathi. Tangu Krismasi tumepoteza mistari mitatu ya sukuma wiki, karibu robo ya viazi vitamu, na maboga manne ambayo yalikuwa hayajafikia ukubwa wa ngumi.

Shangazi huwalaumu tumbili kwa kila kitu. Mzee anayemtunzia bustani, ambaye ameyaona mengi ukingoni mwa msitu huu, hakubaliani naye, ingawa hawezi kumwambia hivyo waziwazi. Leo asubuhi aliniita pembeni, akachuma jani la sukuma wiki lililobaki nusu na kunishikisha.

"Mwalimu, tumbili hatembei usiku," akasema. "Na jani hili jana jioni lilikuwa zima."

Nililigeuza jani mkononi. Ukingo wake ulikuwa umechanika ovyo, umebaki na nyuzinyuzi kama kitambaa kilichoraruliwa kwa mkono. Hiyo ni alama ya pongo, ambaye wengine humwita mbawala. Kama walivyo ng'ombe, mbuzi na jamii yote ya swala, pongo hana meno ya mbele katika taya la juu. Hulibana jani kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kisha hulivuta mpaka linyofoke. Sungura na panya, ambao wana meno makali juu na chini, huacha mkato safi wa mshazari ambao mtu angeweza kudhani umefanywa kwa wembe. Hatua tatu kutoka hapo palikuwa na miche ya maharagwe iliyokatwa namna hiyo hasa, kwa hiyo hata katika tuta moja tulikuwa na wezi wawili wasiojuana.

Januari 18

Kabla ya kutumia shilingi hata moja tumeamua kujua ni nani anayeingia na anapitia wapi. Tulipepeta majivu ya jikoni na kuyatandaza kwa upana wa hatua moja mbele ya kila pengo la ua, jioni baada ya kunyunyizia, kisha tukayasoma alfajiri kabla ya kuku kufunguliwa. Tulifanya hivyo usiku nne mfululizo.

Pengo la kaskazini lina nyayo za kwato mbilimbili, nyembamba na zilizochongoka mbele, na sijaona zaidi ya mnyama mmoja kwa usiku mmoja, jambo linalolingana na tabia ya pongo ya kutembea peke yake. Pengo lililo karibu na shimo la taka lina nyayo pana zenye visigino, kama za mtoto mchanga, na pembeni yake michirizi myembamba iliyoburuzwa kwenye majivu. Usiku wa tatu mwenye michirizi hiyo alituachia kitambulisho kabisa: mwiba mmoja wa mistari myeusi na myeupe, urefu wa kalamu mbili. Niliwapelekea wanafunzi wangu mwiba huo, na nusu ya darasa bado inaamini kwamba nungunungu huirusha miiba yake kama mishale. Hairushi, miiba iliyolegea hudondoka yenyewe au hubaki mwilini mwa anayemgusa.

Kima nao hawahitaji majivu, kwani huja saa nne asubuhi mbele ya macho ya watu. Nawaita kima kwa sababu wana shingo nyeupe na mwili mkubwa wa kijivu, tofauti na tumbili mwenye uso mweusi, ingawa tumbili pia hupita hapa. Kwa Shangazi wote ni tumbili, na sitalibishania hilo.

Shangazi alitaja sumu. Nilimweleza kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumuua pongo au kima kwa kuwa tu amekula mboga, na kwamba sumu haichagui kati ya nungunungu na mbwa wa jirani. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Basi wewe mwenye sheria utanipa mboga." Hivyo mradi ukawa wangu rasmi.

Februari 8

Majuma mawili ya dawa za bei nafuu yamekwisha, na nayaandika kwa ufupi kwa sababu yalistahili ufupi.

Maelezo mengi yanayopatikana kuhusu kuwazuia wanyama bustanini yameandikwa na watu wa Marekani kwa ajili ya kulungu wao wenye mkia mweupe. Sisi hatuna mnyama huyo. Jamii ya kulungu wenye pembe za matawi, zinazoanguka na kuota upya kila mwaka, haipo Kenya, na katika Afrika nzima wa asili hupatikana kaskazini tu, huko Algeria na Tunisia. Pongo ni jamaa wa tandala, ambaye wengine humwita kudu, na pembe zake, ambazo dume tu ndiye anazo, hudumu maisha yake yote. Hata hivyo wote wawili hula majani, hutembea gizani, huruka vizuri na huogopa harufu wasiyoizoea, kwa hiyo niliona si vibaya kujaribu.

Tulitundika vipande vya sabuni ya kufulia kwenye vijiti. Tulimwomba kinyozi mfuko wa nywele, akatupa huku akiniangalia kwa mashaka ambayo sikumlaumu nayo. Tulivunja mayai viza katika maji na kunyunyizia majani ya pembeni, na harufu yake ilimfukuza Shangazi barazani kwa siku nzima. Pongo alikaa mbali usiku tano. Usiku wa sita alirudi, akala sukuma wiki iliyokuwa chini kabisa ya kipande cha sabuni.

Pilipili ilifanya kazi vizuri zaidi kidogo. Tulichemsha pilipili kali, tukachuja, tukatia sabuni kidogo ili maji yashike majani. Ukali wake huwachoma mamalia, lakini ndege hawausikii kabisa, kwa hiyo wale ndege wadogo wenye mkia mrefu, ambao hutambaa matawini kama panya, waliendelea kula nyanya kwa raha zao. Kasoro yake kubwa ni kwamba mvua moja huiosha yote, na kwamba sisi wenyewe ndio tunaokusudia kuyala majani hayo.

Februari 22

Tumekubaliana kujenga uzio. Jambo moja nililolichukua kutoka katika maelezo ya kulungu ni urefu: wanashauri uzio wa futi nane, yaani takriban mita 2.4, kwa sababu mnyama mwenye afya na njaa huuruka wa futi sita bila kujitahidi. Pongo ni mdogo kuliko kulungu wao, lakini Mzee amemwona akiuruka ua wa kayaba unaonifika kidevuni, tena bila kukimbia kwanza, na sitaki kujenga mara mbili.

Hesabu ni hii. Mzunguko wa bustani ni mita 70. Senyenge ya kufumwa ya futi sita huuzwa kwa roli za mita 18, kwa hiyo roli nne zitatosha na kubaki kipande kidogo. Juu yake tutapitisha mistari miwili ya waya mtupu ili kufikia mita 2.4. Nguzo ni za mkaratusi uliotiwa dawa, urefu wa mita 3, sentimita 60 zikiwa ardhini, na kati ya nguzo na nguzo mita 2.5, ambazo ni nguzo 28. Kwa nungunungu, urefu hauna maana yoyote, yeye huchimba. Kwa ajili yake tutalaza wavu chini kwa upana wa sentimita 60, kuelekea nje, ukiwa umefungwa na senyenge na kufukiwa kwa udongo kidogo ili nyasi ziote juu yake. Mnyama anayechimba huanza pale uzio unapokutana na ardhi, na akikuta wavu chini ya makucha yake hapo hapo, haelekei kufikiri kurudi nyuma hatua moja na kuanza upya.

Nilitaka pia kuziba mapengo ya kayaba. Mti huu uliletwa kutoka kusini mwa Afrika, na miiba yake ndiyo iliyoufanya uwe ua wa mashamba na makazi mengi ya Nairobi, hata mtaa mzima wa Mukuru Kayaba ukabeba jina lake. Lakini mche wa kayaba unahitaji miaka kadhaa ya kupogolewa kabla haujawa ukuta, na Shangazi ameniambia wazi kwamba hana mpango wa kungoja miaka kadhaa ili ale sukuma wiki.

Machi 8

Fundi alikuja na vijana wawili, na kwa siku tatu walisimamisha nguzo zote. Tulibishana kuhusu jambo moja tu. Nilitaka kila nguzo ya kona itiwe mihimili miwili ya mshazari na kufungwa kwa zege, kwa kuwa kona ndiyo inayovutwa na senyenge pande mbili. Fundi alisema zege peke yake linatosha. Niliporudi kutoka shuleni siku ya pili, kona tatu zilikuwa na mihimili na ya nne haina, na mbao zilizosalia zilikuwa zimetumika kutengeneza lango. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa jioni na kila mtu alikuwa amechoka. Nimeandika hapa ili nijikumbushe kwamba niliona na nikanyamaza.

Machi 22

Masika yamefika, tumepanda mahindi na maharagwe, na nungunungu ameingia.

Nilipopigiwa simu na Mzee sikuamini. Tulizunguka uzio wote tukiinama, tukipapasa wavu wa chini kwa mikono, na hatukupata hata tundu la kupitisha kikombe. Mzee ndiye aliyesimama kwenye lango na kucheka. Wavu wa chini ulikuwa umezunguka bustani nzima na kuishia kwenye nguzo mbili za lango; chini ya lango lenyewe palikuwa na ardhi tupu, laini kwa mvua, na katikati yake palikuwa na handaki safi la upana wa sufuria. Tulikuwa tumemjengea mlango na kumwachia kizingiti.

Leo tumechimba mtaro wa kina cha futi moja na nusu chini ya lango, tukajaza mawe na zege, na kuacha uwazi usiozidi vidole viwili kati ya zege na mbao. Pia nimemwomba Shangazi ruhusa ya kulifukia shimo la taka, kwa sababu ndilo lililokuwa likimkaribisha. Alikuwa akianzia kwenye maganda ya ndizi na kumalizia kwenye viazi vyetu. Mabaki yote ya jikoni sasa yanaingia katika pipa lenye kifuniko.

Aprili 12

Kona ya nne imeinama, kama ilivyotarajiwa, baada ya udongo kulowa. Tumeivuta kwa kamba na kuitia mihimili. Fundi hakutoza chochote, na hatukuzungumza mengi.

Mei 3

Ni majuma sita sasa tangu kizingiti kitengenezwe, na hakuna unyayo wa kwato wala wa nungunungu ndani ya uzio. Viazi vitamu vimefunika tuta lote. Kwa wanyama wa usiku naweza kusema kazi imefanyika.

Kwa kima, uzio umekuwa ngazi. Huupanda senyenge kwa mikono na miguu kama watoto wa shule, hukaa juu ya nguzo kuangalia kama kuna mtu, kisha hushuka ndani. Baadhi yao hawajisumbui hata kupanda: mgrevilea ulio upande wa mashariki una tawi linaloning'inia ndani ya bustani. Juma hili wameng'oa miche ya mahindi, wameonja kila boga kwa kuling'ata mara moja na kuliacha, na wamechuma nyanya mbichi ambazo hata wao hawakuzila. Nungunungu alikuwa mwizi wa heshima; alichokichimba alikila chote.

Mei 17

Nilinunua nyoka wa mpira. Wazo hilo halikunitoka hewani. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha utafiti wao wa Amboseli uliothibitisha kwamba tumbili wana milio tofauti ya kuonyana kuhusu chui, tai na nyoka, na kwamba wakisikia mlio wa nyoka husimama kwa miguu ya nyuma na kuchunguza nyasini, hata mlio huo ukitoka katika kinasa sauti. Niliwaza kwamba kima hawawezi kuwa wajasiri zaidi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya ushindi. Kundi zima lilibaki juu ya mgrevilea likipiga kelele, na hakuna aliyeshuka. Siku ya pili walishuka upande wa pili wa bustani. Siku ya tatu dume mmoja mkubwa alimkaribia nyoka, akaketi umbali wa hatua mbili, akamtazama kwa muda mrefu huku akijikuna ubavu, kisha akanyosha mkono na kumgusa mkia. Nyoka hakusogea. Yule dume akachuma boga juu ya kichwa cha nyoka na kwenda zake. Mzee anasema kosa letu ni kumwacha nyoka mahali pamoja, na sasa humhamisha kila jioni, lakini nadhani heshima yake imekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo naliandika kwa uangalifu. Jirani mmoja huwatupia kima mikate na ndizi kutoka barazani kwake, kwa sababu wageni wake hupenda kuwapiga picha. Shangazi alimwendea kwa upole, akarudi bila jibu. Kima aliyezoea kupokea chakula mkononi mwa mtu hamwogopi tena mtu, na kila kelele tunayopiga hapa inafutwa na ndizi moja huko.

Mei 31

Tumefanya mambo mawili kwa siku moja. Kwanza, tumekata kila tawi lililokuwa karibu na uzio kwa chini ya mita tano. Pili, tumegeuza ile mistari miwili ya waya ya juu kuwa ya umeme, kwa kuitenga na nguzo kwa vishikizo vya plastiki na kuiunganisha na enajaiza ndogo, yaani mashine ya kutuma umeme kwenye uzio, inayotumia paneli ya sola.

Umeme wa aina hii hutoka kwa vipigo, takriban kimoja kila sekunde, wenye volti zaidi ya 5,000 lakini kwa muda mfupi mno kiasi kwamba huumiza bila kuua. Ili kipigo kimfikie mnyama ni lazima umeme upate njia ya kurudi kupitia ardhini, na ndiyo maana ndege hutua juu ya waya mmoja bila kudhurika. Kima aliyeshika senyenge, ambayo tumeiunganisha na vyuma vitatu vilivyopigiliwa ardhini, akiunyoshea waya mkono, ameikamilisha njia hiyo mwenyewe. Tumetundika vibao vya onyo pande zote nne, na swichi iko juu ya kimo cha watoto.

Nilisubiri saa nne asubuhi ifike kwa hamu isiyolingana na umri wangu. Alikuja yule yule dume. Alipanda, akashika waya, akaachia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kima, akaanguka upande wa nje na kukaa nyasini akiutazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena. Nilifurahi kwa dakika moja, kisha nikaona aibu kidogo.

Juni 21

Waya umeshika. Kila asubuhi Mzee hupima nguvu zake kwa kipimio kidogo chenye taa, na mara mbili tumekuta zimeshuka: mara ya kwanza mche wa boga ulikuwa umeupanda uzio na kuugusa waya, mara ya pili lilikuwa tawi lililoangushwa na upepo. Kila jani linaloegemea hapo hunywa umeme kimyakimya, na kima hujua kabla yetu.

Chini ya haya yote, fuko wameanza. Tumeona vichuguu vinne vya udongo mpya kwenye tuta la karoti, na uzio hauwahusu kabisa, kwa sababu huishi na kula chini kwa chini. Mzee amemwita mtegaji kutoka Ngong, anayetumia kijiti kilichopindwa na kitanzi cha waya ndani ya njia ya fuko, na ambaye hulipwa kwa kila fuko anayemwonyesha. Matuta mapya ya karoti tutayawekea wavu wa matundu ya nusu inchi chini na pembeni kabla ya kurudisha udongo.

Julai 26

Tumevuna mahindi mabichi. Mistari miwili iliyo karibu na mgrevilea ililiwa Jumanne, siku ambayo mawingu ya Julai yalikuwa yameifanya betri iwe dhaifu, lakini mistari sita imebaki. Shangazi amehesabu mahindi yote kwa sauti. Msimu ujao mahindi na maboga yatakaa katikati, na pembeni, upande wa msitu, tutapanda pilipili, vitunguu na dania, ambavyo katika miezi hii yote hakuna mnyama aliyevigusa.

Agosti 16

Nje ya uzio, upande wa kaskazini, pameanza kuonekana njia nyembamba iliyokanyagwa na kwato. Pongo hakuhama. Huja kila usiku, huzunguka uzio kutoka kona hadi kona, kisha huteremka mtoni. Usiku wa Alhamisi nililala huko na nikamsikia akibweka, sauti kavu ya ghafla ambayo mgeni angedhani ni mbwa.

Leo nilimkuta Shangazi akiwa amesimama langoni na karai la majani makukuu ya sukuma wiki na vikonyo vya viazi vitamu. Nilimuuliza anavipeleka wapi. Alisema anavipeleka kwenye lundo la mbolea. Lundo la mbolea liko upande wa pili wa nyumba.

"Shangazi," nikasema, "tukimlisha hapa atatuona kama yule jirani."

"Mimi sijasema ninamlisha mtu," akajibu, na akapita na karai lake.

Kesho tutabadilisha bawaba za lango, kwa sababu lango limeanza kulegea na uwazi wa chini umefika vidole vitatu.